Mjukuu anayeuguza: malezi au mzigo?

Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kibosho na Old Moshi mkoani Kilimanjaro, nyumba nyingi wamebaki wazee na wajukuu. Wenye nguvu wako Arusha na Dar es Salaam wakitafuta. Bibi akipata kiharusi, anayemgeuza kitandani, kumwogesha na kumkumbusha dawa ni mjukuu wa darasa la sita. Majirani humsifu: huyo mtoto kalelewa.

Sifa hiyo ina msingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 15, inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Anayeuguza hujifunza subira na huruma, na ukimwondoa ghafla eti unatetea haki zake, unaweza kuwaumiza wote wawili, yeye na bibi yake.

Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 12, inakataza kumtumikisha mtoto kazi yenye kudhuru afya au elimu yake. Kumnyanyua mtu mzima kila siku kunaumiza mgongo wa mtoto. Aliyekesha na mgonjwa husinzia darasani, na siku asipofika anaandikwa mtoro. Mtoro! Neno hilo linaniuma, kwa sababu hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Hata ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kwa kaya maskini, sehemu yake imekuwa ikifungamana na mahudhurio shuleni, hivyo nyumba yenye mgonjwa inaweza kukatwa fedha wakati ikizihitaji zaidi.

Kwangu, kumpelekea bibi uji ni malezi. Kuwa mwuguzi wake pekee, usiku na mchana, ni mzigo, hata kama mtoto halalamiki. England, sheria ya mwaka 2014 inazitaka halmashauri kuwatafuta watoto wa namna hii na kutathmini mahitaji yao. Hatuna fedha zao, ila mwenyekiti wa kitongoji anajua kila nyumba yenye mgonjwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifika aulize pia nani anamhudumia, kisha mwalimu apewe taarifa.

Zaidi ya yote, nawalaumu watoto wa huyo bibi. Kutuma hela ya dawa ni vizuri, lakini hela haimgeuzi mgonjwa. Desemba wote hurudi nyumbani na kikao cha ukoo hakikosi. Kiamue nani mtu mzima atakaa na mama saa za shule na usiku, na nani atamlipa.