Risasi za ziada za jeshi: kabla ya kuuliza mwaka, uliza ghala

Mdogo wangu anaishi Liège, Ubelgiji, na yuko katika klabu ya kulenga shabaha. Mwezi jana alinitumia picha ya kitako cha risasi: herufi FN za kiwanda, namba 61 ya mwaka 1961, na msalaba ndani ya duara, ile alama ya NATO. Akaandika: "Yaya, hizi zinauzwa nusu ya bei ya mpya. Ninunue?" Aliniuliza mimi kwa kuwa nimetunza depo ya vilipuzi vya mgodi hapa Lubumbashi miaka mingi. Bunduki anaijua yeye. Mimi najua kinachoipata baruti ikikaa ghalani.

Wanaozitetea risasi za jeshi wana hoja nzito. Zimetengenezwa ziwake kwenye tope, baridi na jua. Fataki, kile kiduara cha kitako kinachopigwa na pini, huzibwa kwa rangi isiyopitisha maji, na kila loti, yaani kundi lililotengenezwa pamoja, hupimwa kabla jeshi halijaipokea. Tena jeshi haliuzi akiba kwa sababu ya ubovu peke yake. NATO ilikubali risasi ya milimita 7.62 mwaka 1954, kisha ya 5.56 mwaka 1980, na bunduki zilipobadilishwa maghala yalibaki na risasi nzima zisizo na mtumiaji. Mfano ninaoupenda ni GP11, risasi ya jeshi la Uswisi ya mwaka 1911, yenye kichwa (sehemu inayoruka) cha gramu 11.3. Waswisi wameishindania kwenye shabaha za mita 300 vizazi kwa vizazi, na bado inasifiwa na walengaji wasiosifu ovyo.

Lakini Uswisi ni nchi ambayo askari ni mlenga shabaha pia. Kwingine jeshi linataka risasi ilie kila mara, katika bunduki yoyote, na ikifika kifuani mwa adui kazi imekwisha. Mlengaji anataka kumi zipite karibu tundu moja. Hayo ni mahitaji mawili tofauti, na risasi inaweza kuwa nzuri sana kwa la kwanza ikashindwa la pili. Kisha kuna suala la chuma: sumaku ikinasa kichwa cha risasi, huenda ni ngozi ya nje tu, huenda ni kiini kizima, ila viwanja vingi vinazikataa zote kwa sababu chuma hutoboa kinga ya nyuma ya shabaha na kurusha cheche.

Kuhusu kutu, watu wanaogopa kupita kiasi. Fataki nyingi za zamani, hasa za Urusi ya Kisovyeti, zina klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu kama chumvi ya jikoni. Mafuta hayaiyeyushi, maji ya moto huiondoa. Anayeosha mtutu siku ileile hana hasara. Hiyo ni kazi ya ziada, wala si ubovu wa risasi.

Ubovu wenyewe uko ghalani. Msimu mmoja wa mvua, paa la depo yetu lilivuja pembeni. Magunia ya ANFO, kilipuzi cha mgodini cha nitrati ya amonia na dizeli, yaliyokuwa pale yalikuwa na miezi mitatu tu, nje yamekauka, maandishi yanasomeka vizuri. Nilipoligonga moja kwa ngumi lilikuwa gumu kama tofali: nitrati ilikunywa maji ikagandamana. Magunia ya zamani zaidi, kwenye chumba kikavu, yalimiminika kama mchele. Tangu siku hiyo tarehe ya kiwanda peke yake hainishawishi.

Baruti ya risasi nayo huoza polepole na kutoa gesi ya asidi. Kiwanda huichanganya na difenilamini ili iinyonye gesi hiyo, lakini joto huimaliza mapema. Fikiria sanduku chini ya bati la Lubumbashi mwezi Oktoba, kabla ya mvua. Ganda la risasi nalo lina udhaifu wake. Ni shaba kama asilimia 70 na zinki 30, madini yaleyale yanayotoka Kipushi hapa jirani, na linaogopa amonia: Waingereza kule India walihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa msimu wa mvua, shingo za maganda zikapasuka.

Kwa hiyo nilimwomba mdogo wangu picha nyingine, ya shingo, karibu kabisa. Kwenye mbili kati ya tano niliona mstari mwembamba kama unywele. Nikamwambia amuulize muuzaji zilikaa wapi. Jibu lilikuwa: hajui, alizinunua kwa mtu. Nikamwambia aache, hata kwa robo ya bei.

Amepata loti nyingine, sanduku lake la bati bado limelehemiwa kama lilivyotoka kiwandani. Hiyo naikubali kwa mazoezi; kwa mashindano anunue mpya. Atapiga kumi kwanza, mita 100. Matundu yakijipanga kutoka juu kwenda chini, huenda baruti yake haiko sawasawa. Risasi isipolia, aendelee kuelekeza mtutu kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kufungua bunduki. Na ikilia kwa sauti hafifu asipige ya pili mpaka achungulie mtutu, maana kichwa kikikwama ndani, risasi inayofuata inaweza kupasua bunduki usoni. Karatasi ya zile kumi nimemwomba asiitupe, anitumie.