Gundi ya nyuki na bakteria: nguvu ipo, kipimo hakuna

Mrina asali huijua gundi ya nyuki kabla hajasikia kuwa inauzwa kama dawa. Kukiwa na baridi hukatika kama kioo. Jua likipanda hunata vidoleni, na maji peke yake hayaitoi. Nyuki huchukua utomvu wa machipukizi na magome, wakauchanganya na nta, wakaziba nyufa za mzinga. Panya akiingia wakamuua kwa miiba, hawana nguvu za kumtoa. Humpaka gundi hiyo mwili mzima, akakauka palepale bila kuwaozea ndani. Wanaoisifu kwamba huua bakteria huanzia hapo, na hapo niko nao.

Maabara pia inawaunga mkono. Paka bakteria aitwaye Staphylococcus aureus kwenye sahani ya kuoteshea, weka kikaratasi kilichochovywa katika gundi iliyoyeyushwa kwa alkoholi. Kesho yake utakuta duara safi kukizunguka, pasipoota kitu. Kazi hiyo hufanywa hasa na flavonoidi, yaani kemikali zitokazo kwenye mimea, kama pinosembrini na galangini, pamoja na asidi za fenoli, ambazo huharibu utando wa bakteria.

Hata hivyo, alkoholi nayo huua bakteria. Jaribio lisilo na kikaratasi cha pili chenye alkoholi tupu halinishawishi. Kwa haki ya gundi niseme pia kwamba viambata vyake haviyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo havisambai mbali, na duara dogo si lazima limaanishe udhaifu. Escherichia coli, bakteria mwingine, mwenye utando wa ziada kwa nje, kwa kawaida huistahimili zaidi.

Kinachonisumbua hasa ni jina moja kubebeshwa vitu vingi. Gundi ya Ulaya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye miti iitwayo mipopla. Ile ya kijani ya Brazili hutoka kwenye kichaka cha Baccharis dracunculifolia, na sifa yake ni kiambata kiitwacho artepilini C. Nyekundu ina mmea wake mwingine. Matokeo ya moja hayawezi kuwa cheti cha nyingine, lakini chupa nyingi hazisemi hata nyuki walitua kwenye mti gani.

Kinywani na kwenye ngozi, ambako gundi inakutana na bakteria ana kwa ana, majaribio kwa watu yameonyesha dalili njema, ingawa mengi ni madogo. Kuimeza ili itibu nimonia ni habari nyingine kabisa: utumbo na ini hubadilisha sehemu kubwa ya viambata hivyo, na mgonjwa anayeacha antibiotiki kwa ajili yake anahatarisha maisha.

Tena kuna mzio, ambao wauzaji huupita haraka. Wafugaji nyuki wenyewe huupata: mikono huwasha, huwa myekundu, ngozi hupasuka. Miongoni mwa vinavyouamsha ni esta za asidi ya kafeiki, ambazo ni sehemu ya vitu vilevile vinavyosifiwa kwa kupambana na bakteria.