Kumng'oa Rais ni kazi ya kura, na iliandikwa hivyo makusudi

Tangu Seneti ya Kenya imbandue Rigathi Gachagua kwenye kiti cha Naibu Rais tarehe 17 Oktoba 2024, lawama moja haijapoa: eti ile haikuwa kesi, ilikuwa siasa. Wanaosema hivyo wanasema kweli. Wanachokosea ni kudhani wamegundua kasoro. Utaratibu uliomwondoa ni ule ule aliowekewa Rais katika kifungu cha 145 cha Katiba, na kifungu hicho kinawakabidhi wanasiasa kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Bunge la Kitaifa lina wabunge 349. Hoja ya kumwondoa Rais haiwasilishwi bila kuungwa mkono na thuluthi moja, yaani 117, wala haipiti bila 233. Spika ana siku mbili za kumwarifu mwenzake wa Seneti, naye ana siku saba za kuitisha kikao. Seneti yaweza kuunda kamati ya watu 11 ichunguze kwa siku 10, au ikae nzima, kama ilivyofanya kwa Gachagua. Ili mtu aondoke, maseneta 45 kati ya 67 waafiki angalau shtaka moja. Asiyefika ukumbini au asiyepiga kura amemsaidia mshtakiwa, kwa kuwa thuluthi mbili hupimwa kwa wanachama wote, si kwa waliohudhuria.

Sasa igeuze hesabu hiyo: maseneta 23 wanatosha kumwokoa Rais. Na katika hao 67, 20 hawakuchaguliwa na kaunti yoyote. Waliingia kwa orodha za vyama. Rais mwenye chama imara huanza kuhesabu hapo. Hahitaji kushinda hoja, anahitaji watu 23. Tangu 2010 hakuna Rais aliyefikishwa Seneti kwa kifungu hiki, ilhali Gachagua, aliyekuwa amekosana na bosi wake, hakupata wa kumkinga. Je, ni vibaya? Mimi sioni. Aliyewekwa na kura za mamilioni haondolewi na majaji watatu, na kiongozi asiyeweza kupata 23 katika 67 hana tena wa kumpitishia lolote.

Tazama mashtaka yenyewe. Yalikuwa 11, yakapita 5. La kwanza, lililobeba kauli zake kwamba serikali ni kama kampuni yenye wenye hisa, yaani walioipigia kura ndio wafaidike kwanza, liliungwa mkono na maseneta 54. La ufisadi, ambalo mwendesha mashtaka angeanza nalo, lilianguka. Swali lililojibiwa pale halikuwa kama ameiba. Liliulizwa kama mtu anayezungumza hivyo anafaa kukaa hatua moja kutoka Ikulu.

Wanaotaka uamuzi upelekwe kwa majaji hupenda kutaja Korea Kusini, ambako Mahakama ya Katiba ndiyo humalizia. Mwaka 2004 bunge lilimshtaki Roh Moo-hyun. Mahakama ikakuta kweli amevunja sheria ya uchaguzi, kisha ikamrudisha kazini kwa sababu kosa halikuwa zito vya kutosha. Mwaka 2017 majaji wote 8 walimwondoa Park Geun-hye. Lakini kupima uzito wa kosa dhidi ya imani ya wananchi ni kazi ile ile ya wanasiasa, ila imevaa joho.

Hoja yao yenye nguvu iko kwingine, kwenye adhabu. Anayeondolewa kwa kukiuka Sura ya Sita, ya uongozi na uadilifu, hupigwa marufuku kushika wadhifa mwingine wa dola. Mike Sonko aling'olewa ugavana wa Nairobi mwishoni mwa 2020, na 2022 akazuiwa kuwania ugavana wa Mombasa. Kura ya kisiasa ikifunga mlango wa siasa maishani, hapo nakubali kwamba mtu anastahili kusikilizwa kwa utulivu kuliko inavyofanyika.

Na kwa Gachagua utulivu haukuwapo. Hoja iliwasilishwa tarehe 1 Oktoba. Siku 16 baadaye hakuwa Naibu Rais. Siku aliyotakiwa kujitetea alikuwa amelazwa hospitalini. Pendekezo la kusogeza kikao hadi Jumamosi, siku mbili tu, likakataliwa, mawakili wake wakatoka, na kura zikapigwa usiku ule. Zile 54 zingekuwapo hata Jumamosi.