Bingwa wa daraja la pili apande aende wapi?

Msimu wa 2018 wa ligi ya daraja la pili ya spidiwei, mbio za pikipiki za timu kwa timu, nchini Uingereza uliishia kwenye fainali kati ya Workington Comets na Lakeside Hammers. Workington walishinda. Walikuwa pia na Kombe la Mtoano na Ngao ya ligi, kwa hiyo makombe matatu yalilala katika mji mmoja mdogo wa pwani ya Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Msimu uliofuata, kati ya timu hizo mbili hakuna iliyoingia uwanjani. Bingwa alifunga geti, na aliyeshindwa fainali naye alifunga geti.

Mwaka huohuo ligi kuu ilichukuliwa na Poole Pirates. Haukupita muda mrefu Poole wakaamua wenyewe kushuka daraja la pili. Hawakuburuza mkia, wala hakuna aliyewashusha. Msimu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya korona, na uliporudi Poole wakachukua ubingwa wa daraja la pili 2021, kisha 2022. Leicester Lions walikuwa wamewatangulia kwenye njia hiyo: 2018 walikuwa ligi kuu, 2019 wakateremka, na mwaka huohuo wakawa mabingwa wa huku chini.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunaona jambo hili kama miujiza. Bingwa wa chini hapandi, bingwa wa juu anashuka kwa hiari, na ligi zinaendelea. Mjadala wa kama spidiwei ya Uingereza iwe na utaratibu wa lazima wa kupanda na kushuka daraja ni wa siku nyingi, na pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyopewa.

Kwanza kwa wasioujua mchezo. Pikipiki ina injini ya cc 500, inatumia methanoli, ina gia moja na haina breki. Waendeshaji wanne, wawili kila timu, wanazunguka mara nne kinyume cha saa kwenye njia ya changarawe iliyosagwa, na mbio nzima huchukua kama dakika moja. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anatoka mikono mitupu. Timu ni ya watu saba, mechi ni mbio 15, kwa hiyo pointi zinazogombewa ni 90, na mechi ya kukata roho ni ile ya 46 kwa 44.

Angalia wanavyojipanga kwenye mstari. Kila mmoja anaikwangua ardhi kwa buti akitafuta udongo wenye mshiko chini ya gurudumu la nyuma. Buti la kushoto limevishwa kiatu cha chuma, kwa sababu mguu huo ndio utakaoburuzwa chini kila kona. Klachi imebanwa, injini zinapiga kelele, macho ya wote wanne yako kwenye kamba ya kuanzia mbio. Kamba ikiruka juu, nusu ya mbio imeshaamuliwa. Kwenye kona ya kwanza usukani unaelekea kulia huku pikipiki ikienda kushoto, gurudumu la nyuma likiteleza na kurusha changarawe hadi kwenye uzio wa mashabiki. Mtu akikosea hapo hana breki ya kumwokoa.

Hatari hiyo ndiyo inayowafanya wanaotaka kupanda na kushuka waseme kwa uchungu. Mwendeshaji anahatarisha mifupa yake kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba, timu inashinda nyumbani na ugenini, kisha mwisho wa yote zawadi ni kombe na picha. Hakuna mlango unaofunguka. Shabiki wa Berwick au Scunthorpe hana msimu hata mmoja wa kuota kwamba mwakani Belle Vue wa ligi kuu watakuja kwake kwa sababu timu yake imestahili. Na timu ya mkiani nayo haina la kuogopa, kwa hiyo mechi zake za mwisho wa msimu zinakuwa za kumalizia ratiba. Kibaya zaidi, timu yenye jina na mfuko kama Poole inaposhuka, inakuta vijana na wazee wa mchezo waliojipanga kwa bajeti ndogo, na kombe linabebwa na mgeni. Mashabiki walionung'unika 2021 na 2022 walikuwa na haki ya kunung'unika.

Hoja hiyo naiheshimu. Lakini Uingereza ilishawahi kujaribu kumpandisha bingwa kwa nguvu, na ilichopata kinafaa kukumbukwa na kila anayelipigia debe wazo hili leo.

Mwaka 1963 Wolverhampton walikuwa mabingwa wa Provincial League, ligi ya daraja la pili ya wakati ule. Southampton wakafunga uwanja wao, na ligi ya juu ikabaki na pengo. Bodi ya kusimamia mchezo ikawaamuru Wolverhampton wapande kuliziba. Wolverhampton wakakataa. Ligi nzima ya daraja la pili ikasimama nyuma yao, ikaendesha msimu wa 1964 nje ya mamlaka ya bodi, bila kibali. Waendeshaji wake wakafungiwa, akiwamo Ivan Mauger wa Newcastle, kijana kutoka New Zealand ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia mara sita. Mgogoro ulikwisha baada ya uchunguzi wa mwanasheria Lord Shawcross, na 1965 ligi mbili zikaunganishwa kuwa British League moja ya timu 18. Miaka mitatu baadaye, 1968, daraja la pili likazaliwa upya, maana mahitaji yake hayakuwa yameondoka.

Kilichowafanya Wolverhampton wagome kingewafanya wengi wagome leo. Kupanda daraja maana yake ni kulipa waendeshaji wa kiwango cha juu zaidi, na kwenye spidiwei malipo yanakwenda na pointi: mwendeshaji akifunga nyingi, promota analipa zaidi. Ushindi wenyewe ni gharama. Timu inayoishi kwa tiketi za getini katika mji mdogo haiwezi kuchukua mzigo huo eti kwa sababu tu ilikuwa na msimu mzuri.

Kuna na jambo jingine ambalo watetezi wa kupanda daraja huliruka. Bingwa wa spidiwei hapandi na kikosi chake. Kila mwendeshaji ana wastani wa pointi unaokokotolewa kutokana na alivyokimbia, na kila majira ya baridi ligi inaweka kikomo cha jumla ya wastani wa kikosi. Timu iliyofanya vizuri ni timu ambayo wastani wa watu wake umepanda, hivyo inavuka kikomo na kulazimika kuachana na mmoja au wawili. Kanuni hii inazuia tajiri mmoja kukusanya nyota wote, na bila hiyo ligi ingekufa haraka. Lakini maana yake ni kwamba timu iliyostahili kupanda inakuwa imeshavunjwa kabla ya kupanda. Kinachobaki ni jina, rangi na uwanja. Kwenye soka angalau wachezaji walioipandisha timu wanaweza kuanza nayo msimu mpya.

Halafu kuna suala la waendeshaji walewale kukimbia kwa ajili ya timu mbili, moja katika kila daraja. Hapa ndipo ninapoona mjadala wa kupanda na kushuka unapokwama kabisa. Dan Bewley, mzaliwa wa Cumbria, mwaka 2018 alikuwa wa Workington daraja la pili na wa Belle Vue ligi kuu kwa wakati mmoja, hadi alipoumia vibaya katikati ya msimu. Utaratibu huo ulimpa mbio nyingi dhidi ya watu wa kila aina. Mwaka 2021 alikuwa kwenye kikosi cha Uingereza kilichotwaa ubingwa wa dunia wa mataifa mjini Manchester pamoja na Robert Lambert, na 2022 akashinda Grand Prix ya Uingereza mjini Cardiff. Ukitaka ushahidi kwamba daraja la pili ni chuo, huyo hapo, na kabla yake kuna Tai Woffinden, aliyepitia timu ya Rye House kwenye daraja hilohilo na kuwa bingwa wa dunia mara tatu.

Lakini utaratibu uleule una sura nyingine. Mkongwe wa ligi kuu anayekimbia pia daraja la pili anachukua nafasi ambayo kijana angejifunzia. Na shabiki anayelipa kiingilio jioni ya leo anaweza kuwaona kesho yake watu walewale wakiwa na jezi nyingine kwenye uwanja mwingine. Madaraja mawili yanapogawana watu walewale, kupanda ni kuhama kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ileile. Wanaotaka bingwa apandishwe wangeanza kwa kupunguza hilo, kwa mfano kuruhusu idadi ndogo tu ya watu wa timu mbili katika kila kikosi cha daraja la pili. Ligi kuu ilipoanzisha nafasi maalumu za vijana wa Uingereza 2021 ilionyesha kwamba kanuni ya namna hiyo inawezekana. Najua promota atauliza: mwendeshaji wa kulipwa ataishije kwa mechi chache hivyo? Ni swali la haki. Pikipiki, injini na fundi wake ni juu yake mwenyewe, na ukimpunguzia mechi unampunguzia mkate.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua upande, nasimama na wanaopinga kupandisha kwa lazima. Ila siungani nao wanaposema mambo yabaki kama yalivyo. Bingwa wa daraja la pili apewe nafasi ya kwanza ya kupanda, kwa maandishi, na akikataa asiadhibiwe. Timu inayoshuka kwa hiari ianze msimu wake wa kwanza kwa kikomo cha pointi cha chini kidogo kuliko wenyeji. Poole bado wangekuwa wazuri, lakini wangelazimika kulijenga kombe lao polepole mbele ya macho ya wenzao.

Hata hivyo, ukirudi kwenye fainali ile ya 2018, utaona kwamba hakuna kanuni ya daraja ambayo ingewaokoa wale wawili. Lakeside walikuwa wameshaupoteza uwanja wao wa Purfleet kabla msimu haujaisha, wakamalizia mechi za nyumbani kwenye uwanja wa Rye House. Derwent Park ya Workington ilikuwa nyumba ya pamoja na timu ya raga, na wakati ule halmashauri ilikuwa na mipango ya uwanja mpya kwa ajili ya Kombe la Dunia la ligi ya raga la 2021, mipango ambayo baadaye ilitupwa. Na si daraja la pili peke yake. Swindon, mabingwa wa ligi kuu 2019, hawajakimbia tena tangu wakati huo. Peterborough walichukua ligi kuu 2021, na mwisho wa 2023 uwanja wao ukafungwa. Mwisho wa mwaka huohuo Wolverhampton, walewale wa 1963, nao walifungiwa uwanja wa Monmore Green. Timu nyingi za spidiwei ni wapangaji. Mwenye ardhi akipata mnunuzi wa kujenga nyumba, hahesabu makombe kabatini.

Hapo ndipo ningetaka nguvu za wanaobishana zihamie. Kabla ya kuuliza nani apande, bodi ingeuliza kila timu ina mkataba wa uwanja wa miaka mingapi, na ingewasaidia wenye mkataba mfupi kutafuta pengine mapema, si baada ya greda kuingia. Oxford wanaonyesha kinachowezekana uwanja ukibaki umesimama. Spidiwei ilitoweka Cowley, mtaa wa Oxford ulipo uwanja huo, baada ya msimu wa 2007, na uwanja ukakaa kimya miaka mingi, lakini haukubomolewa. Mwaka 2022 taa ziliwashwa tena na Oxford Cheetahs wakarudi katika daraja la pili. Kufikia 2024 uwanja huohuo ulikuwa na timu nyingine, Oxford Spires, ligi kuu. Hakuna aliyewapandisha, na Cheetahs wao waliwaacha daraja la pili, palepale walipoanzia.