Wamempeleka Paka Saa Kumi Alfajiri

Paka wa watu hajaiba, hajamtukana mtu. Tangu 1940 anapigwa kikaango usoni na hajawahi kudai fidia. Leo wamemtoa saa moja jioni, saa ya heshima, saa ya mtu mzima kuvua viatu, wakamtupa saa kumi alfajiri, saa ya wezi na majogoo. Na wala hawakusema! Mimi nimekaa kwenye kochi langu, miguu nimeinyoosha, rimoti iko mahali pake, nasubiri yule simba wa mwanzo wa filamu angurume, paka Tom na panya Jerry waanze. Simba hakunguruma. Vikatokea vijisungura vyenye macho makubwa kuliko vichwa, vinaimba kuhusu kugawana vitu.

Nikadhani nimekosea chaneli. Nikatoka, nikarudi. Vijisungura viko palepale, sasa vinakumbatiana.

Nikamwita kijana wangu, maana siku hizi baba mwenye nyumba haoni ratiba ya televisheni yake mwenyewe mpaka amwite mtoto wa miaka kumi na mmoja. Akabonyeza mara mbili tu, mahali ambapo mimi hubonyeza mara arobaini na kuishia kwenye lugha ya Kireno.

"Baba, wamebadilisha ratiba. Paka wako yuko saa kumi."

"Ya jioni? Aa, basi si haba."

"Alfajiri, baba."

Pembeni ya kioo wameandika kwamba chaneli ina sura mpya. Nani aliwaambia nina shida na sura ya zamani? Hii ni chaneli ya katuni za zamani! Mtu hajiungi na chaneli ya katuni za zamani kwa kuwa ana kiu ya mambo mapya.

Nikampigia shemeji. Simu haikuita hata mara moja. Akapokea na sauti ya mtu aliyefiwa: "Nimeona."

Niwaeleze shemeji yangu. Ni kaka wa mke wangu, na kichwani hana kitu kingine ila tarehe za katuni. Siku ya kuzaliwa ya dada yake huwa anaisahau, ila muulize Flintstones, ile familia ya katuni ya zama za mawe, walianza lini, atakujibu usingizini: 30 Septemba 1960, na kwamba walionyeshwa usiku, saa za watu wazima, vipindi 166, na kwamba anayesema katuni ni mambo ya watoto hajui historia. Hapo mimi na yeye ni kitu kimoja. Zile filamu fupi za paka zilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, watu na kofia zao wamekaa wanasubiri filamu kubwa ianze. Sasa wewe unakuja kuniambia mimi mtu mzima eti niwaachie watoto?

Jumamosi shemeji akaja. Akaja na jirani pia, ambaye sikumwita, lakini ukuta wetu ni mwembamba na alikuwa amesikia neno "katuni". Kijana wangu akakaa chini kwenye zulia. Ajenda ikawa moja: kuandika barua ya malalamiko.

Wazo lilikuwa la shemeji. Anasema mwaka 2006, huko Uingereza, mtazamaji mmoja alilalamika kwa Ofcom, wale wasimamizi wa utangazaji, kwamba kwenye katuni za Tom na Jerry kuna kuvuta sigara. Mtazamaji mmoja! Wenye katuni wakakubali kupitia maktaba yao yote, zaidi ya katuni 1,500, na kukata sehemu zinazofanya sigara ionekane kitu cha maana. Mtu mmoja na kalamu yake. Sisi tuko watatu na nusu, tutashindwaje kumrudisha paka saa moja?

Shemeji akatoa karatasi, akaandika: "Kwa wahusika. Sisi watazamaji wenu waaminifu wa katuni za zamani..."

"Ngoja kwanza," jirani akasema. "Zamani ipi?"

Hapo ndipo Jumamosi yetu ilipokufa.

Mimi nikasema jambo liko wazi, zamani inaishia 1958, pale ilipotoka filamu ya mwisho ya paka ambayo Hanna na Barbera, wale waliombuni, waliitengeneza kwenye studio ya MGM. Shemeji akasema hapana, inaishia 1969, kwa sababu hakubali Scooby-Doo abaki nje ya mlango. Nikamwambia shemeji, ukimfungulia mbwa mmoja watakuja wote. Akasema mimi ndiye nisiye na moyo. Jirani akatuacha tukapayuka mpaka tukachoka, kisha akauliza polepole, kama wakili:

"Cartoon Network ilifunguliwa lini?"

"Tarehe 1 Oktoba 1992," shemeji akajibu kabla swali halijaisha.

"Na ilipofunguliwa ilionyesha nini?"

"Za zamani tupu. Ted Turner, mwenye chaneli, alikuwa ameshanunua maktaba ya MGM mwaka 1986, na 1991 akanunua studio ya Hanna-Barbera. Ukiwa na ghala limejaa katuni na huna pa kuzionyesha, unafungua chaneli."

"Huyo mbwa wako wa 1969 alikuwamo humo kama mzee?"

"Alikuwamo."

"Basi siku ile alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Na katuni ya Dexter's Laboratory, ya 1996, leo ina miaka kama 30. Sasa niambieni, mzee hapa ni nani?"

Kimya. Shemeji alihesabu kwa vidole chini ya meza, nilimwona. Hesabu ilikuwa sawa. Jirani huyu sijawahi kumpenda, na siku ile sababu ilionekana wazi: ana akili, na anaitumia nyumbani kwangu.

"Mimi," kijana wangu akadakia kutoka kwenye zulia, "za zamani ni zile nilizoangalia nilipokuwa mdogo."

Tukacheka. Miaka kumi na mmoja, eti nilipokuwa mdogo! Tukacheka sana, halafu tukaangaliana, na kicheko kikaisha mapema kuliko kilivyopangwa.

Nikaona niokoe jahazi kwa kuhamia kwenye ubora. Nikasema miaka siyo hoja, hoja ni mkono. Zile zilichorwa kwa mkono, mchoro kwa mchoro, kwa mapenzi. Nikaweka moja ya yule dubu Yogi, ambayo nimeihifadhi, ili wajionee.

Kijana akaangalia kidogo. "Baba, mbona kichwa ndicho kinachotikisika? Mwili umesimama kama mlingoti."

"Anafikiri."

"Na mti ule umepita mara nne."

"Ni msitu. Msitu una miti."

"Uleule, baba. Una tawi lililovunjika."

Shemeji, badala ya kunitetea, akajiweka sawa kama mhadhiri. Akaeleza kwamba fedha za televisheni zilikuwa chache kuliko za sinema, kwa hiyo Hanna-Barbera walichora kichwa peke yake na mwili peke yake, mwili ukabaki umetulia kichwa kikifanya kazi. Ndiyo maana dubu yule amevaa kola na tai wakati suruali hana. Kola inaficha kiungo cha shingo. Miaka yote hii mimi nilidhani ni adabu! Nilijua dubu yule kalelewa vizuri. Kumbe ni mfuniko.

Ila sijashindwa. Kwa sababu hata hao wa sura mpya, kabla ya kumhamisha paka, walikuwa wameshamnyoosha. Hili naomba lieleweke. Picha za zamani zina umbo la karibu mraba, na televisheni za leo ni pana. Mtu mwenye heshima angeacha pembeni pawe peusi, picha ikae katikati kwa amani. Hawa wakaivuta kulia na kushoto mpaka ijae. Paka aliyekuwa mwembamba akawa kabati. Panya akawa mkate wa mviringo wenye masikio. Yule bulldog, ambaye kwa asili ni mpana, akawa hatoshi hata kwenye kioo. Tulipolalamika (tulilalamika mbele ya televisheni, kwa sauti kubwa), wiki zilizofuata wakaacha kuvuta, wakaanza kukata juu na chini. Ikawa paka anatembea zake, ghafla amekuwa bapa kama karatasi, na hujui kimemwangukia nini. Piano? Pasi? Chuma cha tani moja? Kimekatwa, kiko huko juu, nje ya picha. Unabaki na msiba usio na maelezo.

Jirani akasema kwenye hilo yuko nami. Tukapeana mikono. Shemeji akaandika neno "kunyoosha" kwenye karatasi, akalipigia mstari mara mbili. Mambo yakaanza kwenda.

Ndipo mke wangu akapita na shuka anazozikunja.

"Baba watoto, hizo za paka ziko ngapi kwa jumla?"

Shemeji akaketi wima. Ndilo swali alilozaliwa kulijibu. "Dada, za Hanna na Barbera wenyewe ni 114, kuanzia 1940 hadi 1958. Za Gene Deitch, 1961 na 1962, ni 13. Za Chuck Jones, 1963 mpaka 1967, ni 34. Zote za sinema pamoja, 161."

"Na kila moja ni dakika ngapi?"

"Saba hivi."

Mke wangu akakunja pembe ya shuka, akaitandika kifuani, macho yake yakaenda darini, yakarudi.

"Haifiki saa kumi na tisa," akasema. "Mtu akianza saa kumi na mbili asubuhi, saa saba ya usiku haijagonga ameshazimaliza zote."

Hakuna aliyesema kitu.

"Na nyinyi mnaziangalia tangu lini?"

"Dada, wewe huelewi," shemeji akasema, lakini bila nguvu.

Akaondoka na shuka zake. Haikuwa haki hata kidogo. Mtu hahesabiwi mapenzi yake kwa saa. Jirani, kwa kutaka kusaidia, akasema basi tusiilaumu chaneli kwa kurudia-rudia, kwa kuwa watarudia nini kingine. Shemeji akaongeza kwamba hata Jetsons, ile familia ya angani, mwanzoni ilitengenezewa vipindi 24 tu, 1962 na 1963, vikazungushwa miaka nenda rudi mpaka vilipoongezwa vingine 1985. Nikawauliza: nyinyi mmekuja kulalamika au kuwatetea? Wakanyamaza. Shemeji akaeleza pia, ili kutufariji, kwamba hata zile za zamani za Cartoon Network zilisukumwa na vipindi vipya hadi zikapewa chaneli yao, Boomerang, tarehe 1 Aprili 2000.

"Siku ya wajinga," jirani akasema.

"Siku ya wajinga," shemeji akakubali, uso haukucheka.

"Na huko zikaachwa zitulie?"

"Huko nako vipya vikafuata."

Kama mgeni anayekuja na kimkoba kidogo, eti analala siku mbili.

Saa nne usiku barua yetu ilikuwa inasomeka hivi: "Kwa wahusika. Sisi watazamaji wenu waaminifu wa katuni za". Zamani ilikuwa imefutwa. Juu yake palikuwa na 1958, imefutwa, 1969, imefutwa, na kwa mwandiko wa kijana, neno "zangu". Jirani akaaga. Shemeji akasema usiku umekwenda, atalala hapahapa kwenye kochi. Sikumshuku.

Nilitega simu iniamshe saa tisa na dakika hamsini na tano. Niliiweka chini ya mto ili mama watoto asisikie. Nikashuka kitandani kwa kunyata, soksi miguuni, mkono ukutani, nikapita mlango unaolia kwa kuunyanyua kidogo kwenye bawaba. Nimeangalia katuni hizi miaka mingi, najua panya anavyotembea.

Sebuleni kulikuwa na mwanga wa buluu. Shemeji ameketi, shuka mpaka kidevuni, rimoti mkononi, sauti ameishusha mpaka chini kabisa.

"Umechelewa," akanong'ona. "Bado matangazo."

Matangazo yalikuwa ya magodoro. Saa kumi alfajiri wanamuuzia godoro mtu aliye macho. Huyo aliyepanga hilo najua anatucheka. Tukakaa. Likapita godoro la kwanza, likapita la pili, na mwanamke aliyelala akatabasamu bila kuamka.

Kisha ikaanza. Kabla hata sijaona vizuri, nilijua kwa masikio. Ile sauti, kila kitu kinagonga kama kiko ndani ya pipa. Mwendo ule wa kukatika-katika. Yule bwana mnene mwenye kipara anayewaka hasira, anayemtesa paka bila huruma. Shemeji akafumba macho.

"Deitch," akasema. "Zile alizotengenezea Prague."

"Haiwezekani."

"13 kati ya 161, shemeji. 13 kati ya 161! Na tumeamka kwa hii."

"Nibadilishe?"

Akafikiri. Bwana mwenye kipara alikuwa amegeuka mwekundu mzima.

"Acha kwanza."

Tukaiangalia mpaka mwisho. Mbaya kweli, sitaki kudanganya. Mbaya sana. Ikaisha, likarudi godoro, halafu ikaanza nyingine, na sauti zikagonga tena ndani ya pipa lilelile.

Shemeji akavuta shuka upande wake, akaniachia kipande.

"Zimebaki 11," akasema.