Miguu inayouma usiku: tuseme anakua, au tukimbilie maabara?

Mtoto wa miaka minne ameshinda akiruka na kukimbia, amelala vizuri, halafu usiku haujafika mbali anaamka akilia: mguu, mguu. Ukimuuliza unauma wapi, anapitisha kiganja kutoka pajani hadi kifundoni. Unamkanda robo saa, usingizi unamchukua. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kufika mlangoni, na wewe uliyekesha ndiye unayetembea kama mgonjwa.

Hapo ndipo watu wazima hugawanyika. Kuna wanaosema huyo anakua, yatapita. Kuna wanaosema mtoto halii usiku bure, apimwe damu na apigwe picha. (Wapo pia wanaosema anadeka. Hao sitawapotezea muda. Mtoto aliyekuwa amelala fofofo hana nafasi ya kupanga maigizo.)

Tuanze na wanaosema anakua, maana takwimu ziko upande wao. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi kwa watoto wa miaka 4 hadi 6, wakakuta asilimia 36.9 wanapata maumivu haya. Hiyo ni zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 3 au zaidi, na huisha yenyewe. Huja jioni au usiku, kwenye miguu yote miwili, au leo huu na kesho ule. Huuma kwenye ugoko, shavu la mguu, paja au nyuma ya goti, wala si ndani ya kiungo. Husumbua usiku mmoja, hupotea siku kadhaa au wiki nzima, kisha hurudi. Mtoto mwenye dalili hizi, ambaye daktari amemkagua na hakuona kasoro, hana anachopata kwenye sindano wala eksirei. Kipimo kisicho na sababu kina gharama hata pale usipolipa: huweza kuonyesha kijambo kisicho na maana, kikazaa kipimo kingine, na mtoto akajifunza kwamba mguu wake ni kitu cha kuogopwa.

Wanakoteleza ni kwenye sababu. Kama tatizo lingekuwa kukua, miguu ingeuma zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha na wakati wa balehe, maana ndipo mwili unaporefuka kwa kasi. Maumivu haya yamechagua miaka ya katikati, kasi hiyo ikiwa imetulia. Dhana yenyewe ni kongwe: daktari Mfaransa aitwaye Duchamp aliandika juu ya maradhi ya ukuaji mwaka 1823, na tangu hapo imerithiwa zaidi kuliko ilivyothibitishwa. Utetezi wake mmoja unatoka kwa kondoo. Watafiti waliopandikiza vifaa vidogo kwenye mifupa ya ugoko ya wanakondoo waliripoti mwaka 2004 kwamba angalau asilimia 90 ya kurefuka kwa mfupa hutokea mnyama akiwa amejilaza. Inavutia, ila mwanakondoo hakuulizwa kama anaumwa.

Maelezo mengine yapo: misuli iliyochoka baada ya siku ya mbio, viungo vinavyopinda kupita kawaida, mwili unaohisi maumivu upesi, urithi wa familia, upungufu wa vitamini D. Hakuna hata moja lililofunga mjadala. Mapitio ya tafiti 145, yaliyotolewa mwaka 2022 na watafiti wa Sydney, yalionyesha mambo yalivyo: asilimia 93 ya tafiti hizo hazikugusia ukuaji zilipoeleza tatizo ni nini, na zaidi ya asilimia 80 hazikutaja linaanza katika umri gani. Yaani hata wanaolichunguza hawajakubaliana wanachunguza nini. Ukiambiwa anakua umepewa faraja, na faraja ina kazi yake saa nane za usiku. Sababu bado hujapewa.

Upande wa pili umebeba hofu ambayo wengi hawaitamki: saratani ya damu. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Uchambuzi wa tafiti 33 uliochapishwa mwaka 2016, wenye watoto zaidi ya 3,000 waliogunduliwa na saratani ya damu, ulikuta asilimia 43 walikuwa na maumivu ya mikono au miguu. Kuna jingine linalosumbua zaidi. Utafiti wa mwaka 2006 ulilinganisha watoto wenye saratani hiyo na wenye ugonjwa sugu wa viungo, kwa kuwa makundi haya mawili huchanganywa mwanzoni. Maumivu ya usiku yalikuwa mojawapo ya viashiria vitatu vilivyoelekeza zaidi kwenye saratani. Usiku uleule tunaoutumia kumtuliza mzazi, kwamba kama yanakuja usiku tu basi ni kukua, ndio uliowapa madaktari wasiwasi.

Hata hivyo, ile asilimia 43 husomwa kichwa chini miguu juu. Inahesabu wenye saratani waliokuwa na maumivu. Haihesabu wenye maumivu waliokutwa na saratani. Ugonjwa huo ni adimu utotoni, na miguu inayouma usiku imejaa kila nyumba. Kipimo chenyewe pia kina mwanya: hesabu ya chembe za damu huweza kutoka ya kawaida mwanzoni mwa ugonjwa, mzazi akarudi nyumbani na karatasi safi na kuacha kuangalia. Karatasi ya namna hiyo inanitisha kuliko kutokuwa na karatasi kabisa.

Isitoshe, saratani si peke yake inayojificha humu. Selimundu huleta maumivu ya vipindi, na kwa mtoto mchanga huweza kuanza kwa kuvimba viganja na nyayo. Kama ugonjwa huo uko kwenye ukoo na mtoto hajawahi kupimwa, apimwe bila kubishana. Kuna uvimbe mdogo wa mfupa usio saratani, osteoidi osteoma, unaouma usiku mahali palepale na kutulia haraka kwa ibuprofeni, kiasi kwamba dawa inavyofanya kazi vizuri ndivyo mzazi anavyozidi kulidharau tatizo. Na nyonga ina tabia ya kulia kupitia goti: mtoto anashika goti, goti linapigwa picha, picha inatoka nzuri, na ugonjwa uko nyongani.

Nionavyo, pande zote mbili zinabishana juu ya usiku wakati majibu mengi yako mchana. Asubuhi mtazame anavyoshuka kitandani kabla hajajua kwamba anatazamwa. Anakanyaga sawasawa, au hatua za kwanza ni nzito na analainika kadiri jua linavyopanda? Ugumu huo wa asubuhi ni alama ya viungo vyenye ugonjwa, na haumo kabisa katika maumivu ya kawaida. Ameacha mchezo aliokuwa akiupenda? Anaomba kubebwa pale alipozoea kukimbia? Mvue suruali na soksi, weka miguu yote miwili kwenye mwanga, linganisha magoti na vifundo. Kisha mwambie aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Anayezungusha kiganja mguu mzima ana hali tofauti na anayegusa nukta ileile kila mara. Mkono wako nao unapima: mtoto mwenye maumivu ya kawaida anautaka, ukiacha kukanda anauvuta urudi. Mwenye mfupa ulioshambuliwa na vijidudu, au kiungo kilichojaa maji, huusukuma.

Mguu mmoja tu kila mara, kuchechemea, kiungo kilichovimba au chenye joto, homa, kupauka, alama za damu kuvilia bila kuanguka, mitoki, kupungua uzito, mgongo kuuma, maumivu yanayobaki hadi mchana: likiwapo hata moja, achana na habari za kukua, nenda kwa daktari. Homa pamoja na kukataa kukanyaga si jambo la kusubiri kesho. Na kwa aliye chini ya miaka 3 nisingekubali jibu jepesi, kwa kuwa hawezi kueleza anachohisi.

Kwa mwenye maumivu ya kawaida naegemea kundi la kwanza, kwa sharti moja: awe amekaguliwa kwa mikono ya daktari angalau mara moja, nyonga zimezungushwa, tumbo limeguswa, ametembezwa huku na huku. Jibu la "anakua" linalotolewa mtoto akiwa bado amevaa viatu ni la kubahatisha.

Baada ya hapo, kazi inarudi nyumbani. Kukanda husaidia, kitambaa chenye uvuguvugu pia. Kunyoosha misuli ya paja na shavu la mguu kabla ya kulala kulifanya maumivu yaishe mapema zaidi katika utafiti wa mwaka 1988, ingawa ulikuwa na watoto 34 tu. Vitamini D ina maana kwa mtoto aliyepimwa na kukutwa nayo pungufu. Kumpa kila mtoto kwa kukisia sioni msingi wake. Parasetamoli inakubalika kwa usiku mgumu, kipimo kikifuata uzito wa mtoto. Aspirini hapana: kwa watoto inahusishwa na ugonjwa adimu lakini hatari wa ini na ubongo. Tena andika tarehe kila unapotoa dawa. Mtoto anayeihitaji karibu kila usiku ametoka kwenye picha ya maumivu yanayokuja na kupotea, hata kama mwezi uliopita aliambiwa hana tatizo, na anastahili kukaguliwa upya, safari hii daktari akiwa na hizo tarehe mbele yake.