Wanahisa hawalalamikii hesabu
Kila kampuni inapotangaza kuunganisha hisa zake, yaani hisa kadhaa kuwa moja yenye bei kubwa zaidi, ili ifikie bei ya chini ya dola 1 inayotakiwa na soko la hisa la Nasdaq la Marekani na isiondolewe humo, wanahisa wanaonung'unika hujibiwa vilevile: hamjapoteza kitu. Ukitoa sarafu kumi za shilingi 100 ukapewa noti moja ya 1,000, umeibiwa nini?

Kwa hesabu, hujaibiwa. Na kubaki sokoni kuna faida: hisa huuzika kwa urahisi, na mifuko mikubwa ya uwekezaji isiyogusa hisa za senti, yaani za bei ndogo mno, huweza kuingia. Priceline, kampuni ya kuuza safari mtandaoni, iliunganisha hisa sita kuwa moja mwaka 2003, ikakua hadi kuwa Booking Holdings ya leo. Aliyevumilia hakujuta.

Lakini mfano wa noti unaficha jambo moja, nalo ndilo linalowakosesha watu usingizi. Chukua kampuni ambayo katiba yake inaruhusu hisa milioni 100, na milioni 80 zimeshatolewa. Bodi imebakiwa na milioni 20 tu. Wakiunganisha kumi kuwa moja, zilizo mikononi mwa watu zinakuwa milioni 8. Kiwango cha katiba, mara nyingi, hakiguswi. Ghafla bodi ina hisa milioni 92 za kuuza! Ikiziuza zote, wewe uliyekuwa na asilimia 1 ya kampuni unabaki na asilimia 0.08, na hukuuza hata hisa moja. Sarafu zako zimekuwa noti, sawa. Ila aliyekubadilishia ameondoka na mtambo wa kuchapa noti.

Hofu hii haikutoka hewani. Mullen Automotive, kampuni ya magari ya umeme, iliunganisha hisa mara tatu mwaka 2023: 25 kuwa moja mwezi Mei, 9 kuwa moja Agosti, 100 kuwa moja Desemba. Zidisha. Aliyeanza mwaka na hisa 22,500 aliumaliza na moja, huku hisa mpya zikiendelea kumwagwa sokoni.

Januari 2025 kanuni za Nasdaq zilikazwa: kampuni iliyounganisha hisa ndani ya mwaka mmoja uliopita, ikishuka tena chini ya dola 1, haipewi muda wa kujirekebisha kabla ya hatua za kuiondoa sokoni kuanza. Ni hatua nzuri, ingawa naiona inalinda heshima ya soko kuliko mfuko wa mwanahisa.

Basi karatasi ya kura ya kuidhinisha uunganishaji ikikufikia, usianze na bei mpya. Tafuta mstari wa hisa zilizoidhinishwa, yaani kile kiwango cha katiba, uone kama nazo zinapunguzwa kwa uwiano uleule. Kama hazipunguzwi, bodi iseme inakusudia kumuuzia nani, na fedha ni za kazi gani, kabla hujapiga kura.